Mia ni ya Mungu

Wanaonipigia simu kuniuliza habari za kusomesha mtoto wa sekondari nyumbani huanza karibu wote na swali moja: ninunue vitabu gani? Wa mwisho alikuwa dada mmoja mdogo kwangu wa mji wa Woodbury, huku Marekani, Mtanzania mwenzangu, mama wa kijana wa darasa la tisa. Aliniamkia vizuri, akauliza habari za nyumbani, akauliza habari za baridi utadhani kwake hakuna baridi, ndipo akafika kwenye vitabu. Nikamwambia vitabu aviweke kando kwanza. Nikamwuliza nani atakuwa anasahihisha kazi za mtoto. Akauliza kama kuna vitabu vya kusahihishia.

Sisi tulianza mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, tukiwa mjini Maple Grove, wakati intaneti bado inapita kwenye waya wa simu, na mtu akitaka kumpigia shangazi yake Dar ilibidi mtoto atoke kwanza kwenye kompyuta. Binti yetu alikuwa ndiyo kwanza ameanza darasa la kumi. Shuleni hakuwa na matatizo. Hakuna aliyemwonea, na ripoti zake zilikuwa A kuanzia juu hadi chini. Kilichonitia wasiwasi ni ukimya. Huyu ni mtoto ambaye alipokuwa mdogo alinisumbua njia nzima ya dukani akitaka kujua kwa nini bata wa ziwani hawagandi miguu. Sasa nilipomwuliza amejifunza nini leo, alinijibu neno moja la Kiingereza, "Stuff," akapanda chumbani kwake.

Siku moja akasema kuna msichana wa kwaya ya kanisani anayesoma nyumbani kwao, na je, yeye hawezi? Mimi nilicheka. Baba yake hakucheka.

Niseme kidogo habari za huyu baba. Kabla ya kupata ufadhili na kuja kusoma Marekani, alifundisha hesabu kwa zaidi ya miaka kumi kwenye shule ya bweni mkoani Iringa. Huku aliishia kwenye ofisi moja mjini Plymouth, akikokotoa mambo ya bima siku nzima mbele ya kioo cha kompyuta. Mshahara ulikuwa mzuri. Lakini nyakati nyingine nilimkuta anamweleza fundi wa bomba maana ya wastani, na fundi amesimama na spana mkononi akisubiri amalize. Mwalimu hastaafu. Aliposikia ombi la binti yake alikunja gazeti, akauliza tutaanza lini.

Wamarekani wana maajabu yao. Ukiwaandikia watu wa ofisi ya elimu ya eneo lako kwamba kuanzia Jumatatu wewe ni shule, na ukawaonyesha kwamba una digrii yako, wanakujibu kuwa wamepokea. Sharti kubwa walilotupa ni kwamba mara moja kwa mwaka mtoto afanye mtihani unaotambulika nchini. Nilishangaa mno. Kwetu hata kibanda cha kuuza chipsi kinataka mihuri zaidi ya hapo.

Jumatatu hiyo mume wangu aliamka mapema, akatoa kengele ya shaba aliyoinunua kwenye duka la mitumba, akaipiga sebuleni. Alikuwa amebandika ratiba ukutani: vipindi vya dakika arobaini, mapumziko ya chai, usafi wa mazingira. Alitaka pia shati jeupe. Binti yetu akashuka na shati jeupe juu, chini suruali ya kulalia yenye picha za pengwini. Baba mtu akatazama dirishani, akasoma majina, yaani jina moja, naye akaitika. Kisha akavaa koti lake, akaenda Plymouth kazini, akaniachia shule.

Ilinichukua muhula mzima kuelewa kosa letu la kwanza, na hili huwa nawaambia wote wanaopiga simu. Mtoto wa miaka kumi na sita si wa kukalishwa mezani vipindi vinane. Shule inapanga vipindi kwa sababu ina watoto elfu na mabasi yanayosubiri. Wewe una mmoja, na basi huna. Tulipoacha ratiba ya ukutani tukamwambia Jumapili jioni ajipangie wiki yake mwenyewe, sisi tukabaki na siku ya mwisho ya kukabidhi kazi tu, mambo yalibadilika. Wiki ya kwanza alijipangia vibaya, akakesha Alhamisi akilia na insha. Ya pili akajipanga afadhali. Historia aliisoma akiwa amelala kifudifudi kwenye zulia, hesabu alizifanya alfajiri kabla hajasema na mtu. Mimi nilikuwa nafanya kazi kwenye maabara ya hospitali, zamu za Jumamosi na Jumapili, kwa hiyo siku za kazi nilikuwepo nyumbani. Kazi yangu kubwa ikawa kumpeleka maktaba na kumrudisha.

Jambo la pili ninalowaambia ni kuzoea kusema "sijui." Sisi tuliosoma kwetu, mwalimu wetu hakuwahi kutojua. Ukimwuliza kitu kinachomshinda alisema, hilo ni swali zuri, kalitafuteni mje nalo kesho, na kesho yake hakuliulizia. Mume wangu aliutumia ujanja huo wiki za mwanzo, mpaka binti yake akaanza kweli kuyaleta majibu kesho yake, pamoja na maswali mengine matatu.

Kubwa lilikuwa la chumvi. Majira hayo ya baridi aligundua kwamba malori ya jiji yalimwaga chumvi barabarani, barafu ikayeyuka, lakini asubuhi zile za baridi kali kabisa yalimwaga mchanga. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia sijui, pengine chumvi imewaishia. Hakuridhika. Akapanga mitungi ya jamu kwenye baraza ya mbao nyuma ya nyumba: wa maji matupu, wa maji ya chumvi kidogo, wa chumvi nyingi, wa sukari, na chupa ya soda ya tangawizi aliyoiweka, nadhani, kwa udadisi tu. Kila saa alitoka na koti la baba yake na kipimajoto cha jikoni. Soda ikapasuka. Maji matupu yakaganda kwanza, ya chumvi nyingi yakagoma, na ya sukari, kwa mshangao wetu sote, nayo yakachelewa kuganda. Sukari nayo? Mimi mwenye digrii na maabara yangu nilikuwa nimewahi kulijua hilo, nikalisahau, na kulijua upya nikiwa na kofia ya sufu kwenye baraza kulikuwa kutamu zaidi kuliko mara ya kwanza.

Akataka kujua kama ni uzito wa kitu kinachoyeyushwa au ni wingi wa chembe zake. Hapo jiko langu likafika mwisho. Mizani ya unga haiwezi kujibu swali hilo, wala kipimajoto cha kuku wa kuchoma. Akaniuliza kama naweza kumpeleka kazini kwangu, nikamwambia haiwezekani, kule kuna damu za watu. Alikaa kwenye ngazi na ile mitungi miguuni, akasema anataka maabara. Hakulalamika, alisema tu. Ukimya wake wa shule ulikuwa umekwisha kabisa, nami sikuwa tayari kuuona unarudi.

Ndipo nikagundua kwamba jimbo hili lina mpango wa kumruhusu mwanafunzi wa miaka miwili ya mwisho ya sekondari asome masomo ya chuo, darasani chuoni, bila ada, na hata wa nyumbani anaruhusiwa. Chuo kimoja upande wa pili wa mto kilikuwa na kemia yenye maabara halisi, kuanzia vuli, mwaka wa masomo unapofunguliwa. Maombi yalifungwa majira ya kuchipua. Akikosa hapo angekosa mwaka mzima, na miaka yake ya sekondari ilikuwa imebaki miwili tu. Tangu siku hiyo nyumba yetu ilikuwa na jambo moja.

Sasa nirudi kwenye kusahihisha.

Mume wangu alikuwa na kanuni aliyotoka nayo Iringa: anayefundisha asiwe anayesahihisha, la sivyo huruma inaingia. Kwa hiyo mimi nilisimamia kazi mchana, na yeye baada ya chakula cha jioni alifuta meza, akavaa miwani, akatoa kalamu nyekundu. Alisahihisha kama anasahihisha mtihani wa taifa. Alama za njia, alama za jibu, nusu alama kwa kusahau kipimo. Karatasi ya kwanza kabisa ya hesabu ilirudi na sitini na mbili. Binti yetu akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena.

Akauliza kwa Kiingereza afanye nini ili apate mia. Baba yake akacheka kwa furaha kabisa, maana swali hilo kila mwalimu hulisubiri.

"Mia ni ya Mungu," akamwambia. "Wewe endelea hivyo hivyo. Si mbaya."

Mnisikilize wenye kujua waume wa namna hii. Kinywani mwa mtu huyu "si mbaya" ni sifa kubwa. Pilau yangu ya harusi ya mdogo wangu, iliyosifiwa hadi na watu wa upande wa pili, kwake ilikuwa si mbaya. Digrii yake mwenyewe ya pili aliiita si mbaya. Na sitini na mbili kwetu ni B, tena kwa msahihishaji mkali ni B ya kujivunia. Mimi niliiona ile karatasi nikafurahi, nikaibandika kwenye friji. Kesho yake sikuikuta. Nilidhani imeanguka nyuma ya friji.

Mwaka ukaenda hivyo, sitini na nane, sabini na moja, sabini na nne. Alama zilipanda na baba mtu akazidi kuchangamka. Mimi nilikuwa naziona kwa macho ya kwetu na yeye hali kadhalika. Si kwamba hatukujua za huku. Tulisoma hapa, tulipewa A zetu na B zetu. Mume wangu alizidharau kwa maneno makali. Alisema alama za Marekani ni kama pipi za Halloween, kila mlango unaogonga unapewa. Kujua tulijua. Lakini ukikuta sabini na nne kwa wino mwekundu jikoni kwako, kwa mwandiko wa mwalimu wa Iringa, jicho linasoma lilivyozoea.

Maombi ya chuo yalitaka transkripti, yaani orodha rasmi ya alama za kila somo, na kwa mtoto wa nyumbani anayeiandika ni mzazi. Tukaiandika Jumamosi moja jioni nilipotoka zamu. Hesabu themanini na nne, kemia sabini na saba, biolojia sabini na nne, historia sabini na moja, Kiingereza sitini na nane. Mume wangu aliipiga chapa, akaweka sahihi, akainyoosha mbali na macho yake kama mtu anayetazama picha ya familia. Nilitaka kutuma nakala kwa bibi yake Songea.

Rafiki yangu mmoja Mkenya, muuguzi, niliyekuwa nikisali naye, alipita kuchukua sufuria zake, akaiona mezani. Akaisoma akiwa amesimama. Akaiweka chini polepole.

"Dada," akasema, "hii ndio mnatuma college?"

Nikamwambia ndiyo.

"Sasa mnataka mtoto aende ama mnataka akae? Hata kwetu themanini ni A, mimi naelewa. But hawa watu watasoma hii ma-C na D, wata-reject kabla wafike page ya pili. Wewe ndio principal. Si u-convert tu?"

Alivyotoka nikaisoma tena ile transkripti, safari hii kwa macho yake. Sitini na nane, kwa hapa, ni D. Sabini na moja ni C ya kuburutwa. Nikamweleza mume wangu. Nilidhani atasema, ala, kweli, tuzibadilishe. Badala yake alinitazama kama vile nimemwomba auze mtihani. Akasema alama zimeshatolewa. Akasema tangu aanze kufundisha hajawahi kumwongezea mtu hata nusu, na waliwahi kumjia hadi wazazi wenye mbuzi. Kama chuo kinataka kujua uwezo wa mtoto, huo hapo, kwa usahihi. Tukabishana mpaka wali ukaungua.

Lakini lililoniuma halikutoka kwake. Nilipokwenda chumbani kwa binti yetu kumweleza kwamba nitajaribu kumshawishi baba yake, nilimkuta anasoma. Hakuinua uso.

"Mama, it's okay," akasema. "Asibadilishe. I'm a C student now. Mimi ninajua."

Nikaketi kitandani. Nikamwuliza amelijua hilo lini. Akasema tangu karatasi ya kwanza. Alidhani shuleni walikuwa wakimpa A za bure, kama baba yake anavyosema kila siku, na kwamba nyumbani ndipo alipoonekana alivyo. Alikuwa ameliamini hilo mwaka mzima, na mwaka huo huo ndio alioamka alfajiri kufanya hesabu, na kutoka nje kwenye baridi ile na kipimajoto. Hebu fikiri. Nilijaribu kuwaza ningefanya nini mimi kama ningedhani nimefeli kila wiki. Ningeacha. Nilitaka sana kujua kwa nini yeye hakuacha, nikamwuliza. Akafikiri, akasema alitaka tu kujua itakuwaje.

Nikamwambia baba yako anakuona una akili sana. Akauliza, basi mbona hasemi? Ningemjibuje? Ningemweleza kwamba baba yake alilelewa na watu wanaosema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na kwamba mtoto hasifiwi mbele ya uso wake, husifiwa kwa majirani? Majirani zetu walikuwa mzee mmoja mwenye asili ya Norwei na mbwa wake. Sidhani kama sifa zilifika huko.

Tulituma karatasi zilivyo. Mtoto mwenyewe ndiye aliyesisitiza. Tukaambatisha na matokeo ya ule mtihani wa mwaka, kwa kuwa fomu ilitaka. Nilisali, na sioni aibu kusema kwamba nilimlaani mtu mmoja kimoyomoyo, naye tulilala kitanda kimoja.

Baada ya muda simu ikalia. Ilikuwa sauti ya mama mmoja kutoka chuoni, mshauri wa wanafunzi. Hakusema tumekubaliwa wala tumekataliwa. Alisema ana karatasi mbili mezani na anashindwa kuzielewa, je, tunaweza kufika, wote watatu?

Mume wangu alivaa suti ya harusi. Theluji ilikuwa inayeyuka, imebaki vichuguu vyeusi pembeni mwa maegesho ya magari. Ofisi ya yule mama ilikuwa ndogo, na yeye alikuwa mtu wa makamo, amevaa sweta lenye kifungo kilicholegea, na alikuwa na tabia ya kukutazama usoni kana kwamba jibu lako litakuwa jipya kwake. Nilimpenda hapo hapo. Aliziweka zile karatasi mbili sambamba. Huu mtihani, akasema, unasema binti huyu yuko miongoni mwa wanafunzi bora kabisa nchini. Na hii transkripti inasema ni wa kawaida, au chini ya hapo. Kati yenu na wenye mtihani kuna aliyekosea, na ningependa kujua ni nani.

Mume wangu akasema hakuna aliyekosea.

Nilifunga macho. Nilidhani sasa atamhutubia habari za pipi za Halloween. Lakini yule mama hakukasirika, aliegemea mbele. Akamwuliza amejifunza wapi kusahihisha. Mume wangu akamweleza, mwanzoni kwa mkato, kisha kwa urefu: alama za njia, alama za jibu, kwa nini mia haitolewi. Yule mama akauliza, kwa hiyo hapo shuleni kwenu, alama ya kawaida ya mwanafunzi mzuri ilikuwa ngapi? Hamsini na kitu, akajibu. Mzuri sana? Sitini na tano. Yule mama alikuwa anaandika. Binti yetu alikuwa anatazama viatu vyake.

Kisha akauliza swali ambalo mimi, mke wa mtu huyu, sikuwahi kufikiri kumwuliza.

"Katika miaka yako yote ya kufundisha hesabu, alama ya juu kabisa uliyowahi kumpa mwanafunzi mwisho wa mwaka ni ngapi?"

Mume wangu hakuhitaji kufikiri. "Sabini na tisa," akasema. "Mvulana mmoja. Alikwenda kusomea uhandisi."

Yule mama akaweka kidole kwenye transkripti. Akasema hapa kwenye hesabu naona themanini na nne.

Binti yetu aliinua kichwa. Mume wangu alikuwa amekunja mikono juu ya tai yake, na nikaona anatafuta pa kuyaweka macho.

"Ndiyo," akasema. "Hiyo nilisahihisha mara mbili. Nilidhani nimekosea kujumlisha."

Yule mama akavuta fomu yake, akaandika aya nzima pembeni kwa mwandiko mdogo, akasema anaambatisha maelezo haya kwenye faili na kwamba binti afike wiki ijayo kujiandikisha kemia. Akatuonyesha ukumbi wa kwenda maabara kama tungependa kuchungulia. Mlango ulikuwa umefungwa. Binti yetu alibana paji la uso kwenye kioo cha mlango akaangalia mizani zile, sijui kwa muda gani, sikutaka kumwita.

Garini mimi ndiye niliyeendesha. Baba mtu alikaa mbele na binti nyuma. Tulivuka daraja la mto. Kisha nikasikia Kiswahili kutoka nyuma, na mnajua watoto wetu wa huku, wanakielewa chote lakini kukijibu ni mpaka wawe wanataka kitu kutoka kwa bibi.

"Baba. Mbona hukuniambia?"

Mume wangu aligeuka kwenye kiti kadiri mkanda ulivyomruhusu. Alikuwa ameshangaa kweli. "Nilikuandikia," akasema. "Kila wiki nilikuandikia."

"Mimi nilisoma C," akasema binti yake.

Nilitazama barabara. Sikumbuki kama nimewahi kuitazama barabara kwa bidii hivyo. Pembeni yangu yule bwana alivua miwani yake, akaipangusa kwa tai, akaivaa, akaivua tena. Nilimwonea huruma, na nilikuwa nimejiapiza kutomwonea huruma mpaka Pasaka. Akageuka mbele. Akasafisha koo, kwa namna ile ile ya mwalimu anayeingia darasani, akaanza.

Ile sitini na mbili ya kwanza, akasema, ulitumia njia ambayo sikukufundisha, nikaipeleka ofisini siku iliyofuata nikawaonyesha wenzangu. Wakati huo nikaelewa kwa nini sikuikuta kwenye friji. Ile sabini na nne ya biolojia ulichora moyo vizuri kuliko kitabu. Ile sabini na saba ni ya mitungi, na nilikunyima tatu kwa sababu ya soda tu, maana soda haikuwa na maelezo. Akaendelea hivyo, karatasi baada ya karatasi, zote alikuwa nazo kichwani, mwaka mzima. Binti yake alikuwa amesogea mbele ameshika kiti cha baba yake kwa mikono miwili. Kila alipotaja moja, yeye aliulizia nyingine. Na ya Januari? Na ile ya vita vya Maji Maji? Naye akajibu, na mimi nikapunguza mwendo hadi magari ya nyuma yakaanza kunipigia honi.

Tulipokaribia nyumbani alikuwa amebakiza moja.

"Na sitini na nane ya Kiingereza?" akauliza.

Baba yake akafikiri, akaifikiria kwa haki kabisa.

"Hiyo," akasema, "ulistahili sitini na nane."